Kobe wa Riziki

Jumatatu, 4 Septemba 1972

Nimenyunyizia maji tope la ndani ya debe asubuhi kabla ya kwenda zahanati. Kikombe kimoja. Riziki ndiye anayepima, mimi ndiye ninayechota. Tope lisikauke likawa tofali, wala lisilowe likawa uji. Kobe yumo chini, hajasogea tangu mwisho wa Julai. Riziki ametega sikio kwenye debe. "Bado amelala," akasema, akaenda kucheza.

Niandike alivyokuja, nisije nikasahau. Lambo la shamba la mkonge lilikuwa limebaki dimbwi. Watu wa kambi ya vibarua wakawa wanachimba tope lake kufyatulia matofali. Jembe likampiga. Kobe wa maji, mpana kama sahani, gamba limepasuka upande wa kulia. Mmoja akataka kumtupia mbwa. Riziki akamkumbatia na tope lake lote, akaja naye zahanati, akapanga foleni nyuma ya wagonjwa. Nilipomaliza sindano za watu nikamkuta amesimama mwisho wa mstari, gauni limeharibika. "Mama, na huyu ameumia."

Nikamsafisha. Nikampaka dawa ya zambarau. Dresa Kajiru, mkubwa wangu wa kazi, alicheka mpaka akakaa chini. Lakini ni yeye aliyetueleza. Hawa hulala kiangazi chote ndani ya tope, hawali wala hawanywi. Mvua ikinyesha wanaamka. Mwekeni kwenye tope, akasema, na mvua ikija mrudisheni lamboni, msimfanye kuku.

Riziki amempa jina Taratibu.

Joto kali leo. Mlima umefifia kwa vumbi, kutoka mlangoni kwangu hauonekani vizuri.

Alhamisi, 7 Septemba

Barua kutoka Kigoma. Mwandiko si wake, ameandikiwa na mtu.

Lazaro, baba yake Riziki, anasema amepewa eneo katika kijiji kipya cha ujamaa. Amejenga. Ameoa. Anamshukuru Mungu, ananishukuru na mimi. Anasema sasa amepata pa kusimama, atakuja kumchukua mwanawe kabla ya kupanda. Nimjibu kama bado tupo hapa na kama mtoto ni mzima.

Nimeiweka chini ya boksi la bandeji. Nimemwambia Riziki ni barua ya kazi.

Sitamjibu.

Jumapili, 10 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimeogopa kukaa kimya mahali ambapo siwezi kujishughulisha na kitu.

Mama yake Riziki alifia mkononi mwangu, mvua za masika, mwaka sitini na sita. Anastazia. Mtoto alitoka vizuri, damu ndiyo haikukatika. Nilimkandamiza tumbo mpaka mikono ikafa ganzi. Gari la kumpeleka hospitali lilikwama kwenye tope, tukalisikia linanguruma kule chini ya korona, kwenye mashine za mkonge, linanguruma tu, halifiki. Alikata roho saa tano asubuhi. Lazaro alikuwa amesimama mlangoni na panga lake la kukatia mkonge, katoka nalo shambani, hakujua aliweke wapi.

Mtu aliyetoka Kigoma peke yake, anakaa chumba kimoja na wanaume wenzake watano. Angemlisha nini mtoto mchanga? Akaniambia, "Dada, nilelee mwanangu, mpaka nitakapopata pa kusimama." Nikasema ndiyo. Mtoto alipokuwa na miezi minane, yeye akafuata kazi mashamba ya Tanga. Alikuja kumwona mara moja tu, Riziki ana miaka mitatu.

Sikushurutishwa na mtu. Mume wangu alikuwa amenirudisha kwetu miaka miwili kabla ya hapo kwa sababu sizai. Ana watoto wanne sasa, mmoja nimempokea mimi, mkunga.

Nusu ya kwanza ya maneno ya Lazaro niliishika. Nusu ya pili niliiachia iende.

Ijumaa, 15 Septemba

Riziki ameng'oka jino la mbele. Amelificha kwenye debe la Taratibu ili akiamka ampe. Nimemwambia kobe hawana meno. "Ndiyo maana nampa."

Kikombe kimoja cha maji.

Jumamosi, 23 Septemba

Nyapara Saidi kanisimamisha njiani. "Mama Riziki, baba mtu anakuja. Ameandika kwa ndugu yake pale kambini, anauliza umehama ama umekufa, mbona humjibu. Hukupata barua?"

Nikasema sikupata. Mdomo wangu huu huu.

Anakuja wiki ya kwanza ya Oktoba. Hana haja ya jibu langu.

Nimeichoma barua jikoni wakati maji ya chai yanachemka. Imeungua upesi kuliko nilivyotaka.

Jumatano, 27 Septemba

Nimemzalisha mwanamke, nimekosea kuandika jina lake kwenye daftari, nimeandika Anastazia. Dresa Kajiru akaniuliza kama nina homa.

Nina karatasi gani ya Riziki? Kadi ya chanjo, basi. Juu yake jina la mama ni Anastazia, jina la baba ni Lazaro. Nimeandika mwenyewe, kalamu yangu mwenyewe. Langu liko chini kabisa, penye sahihi ya mkunga.

Jumapili, 1 Oktoba

Nimemdanganya Dresa Kajiru kwamba mama yangu anaumwa. Amenipa siku tano. Tumepanda basi alfajiri hapo Same, tukapita Maore, tukashuka Gonja, tukapandisha kwa miguu hadi kwa mama.

Riziki hakukubali kumwacha Taratibu. Nimebeba debe la tope kichwani mlima mzima kama mwendawazimu. Ndani ya basi utingo alitaka kuliweka juu ya keria. Mtoto akapiga ukelele watu wakageuka wote. Nililipakata. Abiria mmoja akauliza nimepanda mche gani humo. Nikasema kitunguu.

Riziki amepanda bila kulalamika. Njia nzima anamweleza kobe: hapa kuna jiwe, hapa kuna mto, hapa migomba imeanza. Kila tulipopumzika niligeuka kutazama chini. Tambarare yote ilionekana, mistari ya mkonge hadi mwisho wa macho. Nikajisemea hatatupata huku. Nitamwandikisha shule ya huku. Atakuwa mtoto wa mlimani.

Nilikuwa na furaha. Niandike ukweli. Kutoka Gonja hadi mlangoni kwa mama nilikuwa na furaha.

Jumatatu, 2 Oktoba

Baridi na ukungu. Mama alilisogeza debe karibu na mafiga, kwa huruma. Mchana nikaona tope limeanza kupasuka juu, kitu kinasukuma. Nimelitoa haraka nikaliweka nje penye kivuli. Akiamka sasa atakuta nini? Hakuna mvua wala mdudu wa kula. Atakufa kwa kuamshwa mapema.

Riziki alilia akidhani nimemkasirikia bibi yake.

Jumanne, 3 Oktoba

Mama hakuuliza kitu siku mbili. Leo, tunachambua maharage ya makande, Riziki yuko nje, akasema bila kunitazama:

"Umekuja na mtoto na debe, na si likizo. Umeiba nini?"

Nikamwambia. Nilitaka anionee huruma. Nilimweleza habari ya barua, na jinsi nilivyoichoma, na kwamba mtu huyo hamjui mtoto hata anapenda kula nini.

Mama alimaliza sinia lake. Akapuliza makapi. "Mimi walinirudishia wewe baada ya miaka mitano ya ndoa," akasema. "Nilifungua mlango. Sikuuliza kosa ni la nani. Basi na wewe usiwe mlango uliofungwa. Yule ana baba. Hajafa, hajamtupa. Anakuja kwa miguu yake."

"Na mimi je, mama?"

"Na wewe utaumia," akasema. "Mimi sikudanganyi."

Nilikasirika, sikula. Nimewaza kupandisha zaidi, kuvuka upande wa pili. Kisha? Kila kijiji kina balozi wa nyumba kumi. Kila balozi atauliza, mtoto huyu wa nani.

Ninamchukia Lazaro. Ninaandika ili nilione neno lenyewe. Ninamchukia kwa kuwa hai.

Alhamisi, 5 Oktoba

Tumeteremka. Mama alitusindikiza mpaka penye kijito, akampa Riziki ndizi mbivu na kumwombea kwa Kipare, mkono juu ya kichwa, maombi marefu kuliko ya ubatizo. Mtoto alifumbua jicho moja akanitazama.

Kuteremka na debe ni kubaya kuliko kupanda nalo.

Jumapili, 8 Oktoba

Amekuja.

Nilikuwa nachambua choroko kizingitini. Alisimama mbali, karibu na kamba ya kuanikia, akapiga hodi huko huko. Amekonda. Amevaa shati jeupe lililokunjwa muda mrefu, mistari ya mkunjo bado inaonekana. "Habari za siku nyingi, dada."

Riziki alitoka ndani. Nilikuwa nimeshamwambia jana kwamba baba yake anakuja kumsalimu. Kumsalimu tu, ndivyo nilivyosema. Akamwamkia, "Shikamoo, baba." Lazaro akaitikia kwa kichwa tu. Akachuchumaa, akaanza kufungua mfuko wake.

Ameleta dagaa wa Kigoma, kifurushi kizima, nyumba yote inanuka ziwa. Ameleta na gauni. La bluu, lina kola nyeupe. Riziki alilivaa papo hapo, likamkwama mabegani. Amelikadiria kwa yule mtoto wa miaka mitatu aliyemwacha.

Wote watatu tulilitazama gauni lile.

Laiti angekuwa mlevi. Laiti angekuja na matusi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Lazaro amefikia kambini kwa ndugu yake. Anakuja asubuhi, anakaa kivulini, anamwangalia mtoto anavyocheza, jioni anaondoka. Hanisukumi. Amesema treni yao ni Ijumaa, basi.

Nimelifumua gauni la bluu. Nimeongeza vipande vya khanga yangu ubavuni na chini. Rangi hazilingani. Linamtosha sasa na litamtosha hata mwakani, nimeacha pindo kubwa.

Najishonea msiba wangu mwenyewe, tena kwa mshono mzuri.

Jumatano, 11 Oktoba

Riziki kampeleka baba yake kuona debe. Nilisikia kutoka dirishani. Akamsimulia yote, jembe, dawa ya zambarau, safari ya mlimani. Lazaro alisikiliza kama mtu anayesikiliza shauri barazani. Kisha mtoto akamwuliza kama treni inakubali kobe.

"Huyu tumwache," Lazaro akasema. "Kule kwetu kuna ziwa kubwa, lina kobe wake. Huyu ni wa hapa. Ukimpeleka kule atakuwa mgeni, hajui maji yale."

Nilitoka nje. Sikuweza kujizuia. Nikamwambia, "Na huyu unayemwambia hivyo je? Yeye anayajua maji yale?"

Riziki akatutazama mmoja mmoja. Nikajuta, nikaingia ndani, nikaanza kuosha vyombo visafi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimemwambia Lazaro habari ya barua. Sikupanga. Nilikuwa nampa maji ya kunywa nikajikuta nasema, niliipata, niliisoma, nikaichoma.

Akanywa maji kwanza. "Nilijua, dada. Na mimi ningeichoma."

Nikapiga magoti. Mimi, mtu mzima, mkunga, mbele ya kibarua. Nikamwomba aniachie mwaka mmoja. Aanze shule hapa, darasa la kwanza tu, halafu aje amchukue.

Akanishika mkono kuniinua. Akasema kila mwaka alijiambia mwakani. Alipokuwa Tanga alisema mwakani, alipoumwa alisema mwakani, aliporudi kwao alisema mwakani. "Nikisema tena mwakani, sitakuwa na mtoto. Nitakuwa na jina tu la mtoto. Na Anastazia alinizalia mtoto, dada, hakunizalia jina."

Ana haki. Naichukia haki yake, lakini ni haki.

Jioni nikamkalisha Riziki kitandani, nikamwambia utakwenda na baba Kigoma, utakaa huko, kuna mama mwingine atakayekutunza. Nilisema mara tatu. Akauliza kuhusu treni, ina madirisha? Unaweza kutoa mkono? Akauliza na Taratibu. Nikasema mimi nitabaki naye mpaka mvua.

"Mpaka mvua tu," akasema. "Halafu umrudishe. Usimzoee."

Ijumaa, 13 Oktoba

Wameondoka.

Alifurahi njia nzima. Alivaa gauni la bluu. Stesheni ya Same alihesabu mabehewa. Lazaro akapanda naye, akamkalisha dirishani. Mimi nikapitisha kikapu, viazi vya kuchemsha, chupa ya chai, kadi ya chanjo ndani ya karatasi.

Alidhani tunakwenda wote. Nilimwambia mara tatu, nikamwambia nabaki na Taratibu, lakini alidhani hivyo. Kengele ilipogongwa nikaona uso wake umebadilika. "Mama, panda," akasema, taratibu tu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake. Kisha treni ikashtuka. "Mama, panda! Mama, inaondoka, panda!"

Lazaro alimshika kiuno asidondoke. Na yeye alikuwa analia.

Nilitembea na treni mpaka sakafu ya stesheni ikaisha.

Jumamosi, 14 Oktoba

Sina la kuandika.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimekwenda kazini. Watu wananionea huruma, siitaki. Mke wa Nyapara Saidi kaleta ugali na mchicha, akakaa na mimi kimya mpaka nikala. Huyo namshukuru kwa sababu hakusema ni mapenzi ya Mungu.

Wakati huu watakuwa wameshafika. Siku nne, treni mbili. Atakuwa amechafua lile gauni.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimesahau kunyunyizia maji siku tano. Tope limekuwa gumu juu, lina nyufa. Nilisimama na kikombe nikawaza, na afe. Kwa nini kiwepo kitu kimoja cha Riziki ndani ya nyumba hii kinachopumua, na mwenyewe hayupo?

Kisha nikamwaga maji. Vikombe vitatu, polepole, mpaka nyufa zikajifunga. Nikaingiza kidole pembeni mpaka nikagusa gamba. Baridi. Sikujua kama yu hai.

Niliona aibu. Mgonjwa ni mgonjwa.

Jumatano, 1 Novemba

Lambo limekauka kabisa. Ng'ombe wa Wamasai wamepita pale, wakanusa, wakaendelea na safari. Wazee wanasema vuli ya mwaka huu imechelewa. Upande wa mlimani kuna mawingu kila mchana, hayateremki.

Kikombe kimoja, asubuhi. Naona bado napima kama yeye, najaza mpaka kwenye ule mstari mwekundu wa kikombe.

Jumamosi, 4 Novemba

Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Mabati ya zahanati yanagonga. Dresa Kajiru kaniuliza, "Mama Riziki, mgonjwa wako wa debe anaendeleaje?" Ni mara ya kwanza tangu Riziki aondoke mtu kuniuliza kitu bila kuinamisha kichwa. Nikamwambia sijui. Akaja mwenyewe nyumbani, akaligonga debe kwa ukucha, akasikiliza kama anasikiliza kifua. "Subiri," akasema. "Wewe si mkunga? Umewahi kumwamuru mtoto atoke?"

Nikacheka. Kisha nikajichukia kwa kucheka.

Jumatano, 8 Novemba

Mvua.

Imeanza saa tisa alasiri, matone makubwa, harufu ya udongo imefika mpaka chumba cha sindano. Wagonjwa wote wametoka nje kusimama chini yake, hata mwenye malaria. Mimi nilikimbia nyumbani. Nililitoa debe uani, nikaliacha linyeshewe, nikakaa kizingitini.

Tope likawa jeusi. Likalainika. Nilikaa pale mpaka mvua ikapungua, hakuna kitu. Nikajisemea amekufa, nimemuua kwa zile siku tano. Nikaanza kufikiri nitamwandikia nini Riziki, nitatumia neno gani.

Kisha uso wa tope ukainuka. Kidogo tu, kama mkate unaoumuka. Matundu mawili madogo ya pua. Kichwa. Kilikaa pale kinanyeshewa, macho yamejaa udongo. Baadaye akafumbua jicho moja.

Nilimwita Riziki. Kwa sauti, kwa nguvu. Niligeuka mlangoni nikamwita aje aone.

Majirani walisikia.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimemwosha ndani ya karai. Ufa wa gamba umeziba, umeacha mstari mweupe, na rangi ya zambarau bado ipo pembeni. Jino la Riziki limetoka kwenye tope. Nimelifunga kwenye pindo la khanga.

Lambo limepata maji ya magotini. Lakini nimesema asubiri apate nguvu. Nimempa minyoo ya udongo.

Ijumaa, 10 Novemba

Mvua tena. Lambo linajaa. Nimesema kesho.

Ameanza kukwangua karai. Anasimama kwa miguu ya nyuma, anakwangua bati, anaanguka, anarudia. Hali minyoo. Ananuka, ndivyo walivyo wakikasirika.

Nimempelekea nyama mbichi. Hali.

Jumamosi, 11 Novemba

Leo nilikuwa na nafasi asubuhi nzima. Sikwenda. Nilifua, nikapanga kabati, nikafagia uani mara mbili. Yeye anakwangua tu.

Nilikuwa nawaza kumchimbia kidimbwi kule nyuma, penye migomba yangu miwili. Nimzungushie mawe. Angekuwa na maji, angekuwa na kivuli. Nimeshika jembe kweli. Nimechimba mpaka kiwiko.

Halafu nikasimama kwenye lile shimo nikaona ninachokifanya.

Sijui kama nimelia kwa sababu ya kobe. Sidhani.

Jumapili, 12 Novemba

Nimekwenda baada ya ibada. Nilimfunga ndani ya khanga, nikampakata kifuani kama anavyobebwa mtoto wa kupelekwa kliniki. Alikojoa njia nzima. Watu wanaotoka kanisani walinipisha, hawakuuliza. Mzee mmoja akavua kofia.

Lambo limejaa maji ya kahawia. Yale mashimo ya matofali hayaonekani tena. Vyura wanapiga kelele mpaka masikio yanauma. Nilikwenda upande usio na nyayo za ng'ombe, nikavua viatu, nikaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nikamweka ukingoni.

Aliingiza kichwa. Akakaa hivyo. Nilifikiri hataki kwenda, na moyo wangu ukaruka, nitakuwa mwongo nikisema haukuruka. Nikafikiri, akikataa mwenyewe basi nitamrudisha nyumbani, si kosa langu.

Nilirudi nyuma hatua tatu.

Akatoa shingo, ndefu, kwa ubavu. Akanusa. Kisha akatembea, mwendo wa kawaida tu, hakuna haraka wala kuaga, maji yakamfika begani, yakaifunika ile alama ya zambarau. Viputo vichache. Nilisubiri atoe pua mahali. Alitoa, mbali, karibu na matete, au alikuwa chura. Sikuweza kujua.

Nilimwambia Riziki, nimemrudisha. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Nilikaa kwenye majani nikalia mpaka tumbo likauma, na hapakuwa na mtu wa kuniambia nyamaza, na hilo lilikuwa jema.

Jumanne, 14 Novemba

Mvua ya kutulia tangu asubuhi, ile inayolowesha ardhi bila kuibeba.

Saa nne nimemzalisha binti mmoja wa kambini, uzazi wa kwanza, mumewe yuko korona. Mtoto wa kike. Damu imekatika yenyewe, nimesubiri saa nzima kuhakikisha. Binti mwenyewe hakutaka kumshika, anaogopa atamvunja. Nikamwonyesha. Mkono huu chini ya shingo. Huu chini ya makalio. Msogeze karibu, asikie moyo wako.

Nikamwachia. Alimkamata vizuri.

Nikanawa mikono, nikaandika kwenye daftari jina la mama, nikafungua dirisha.